George Mercer Dawson, Mpima Miamba Aliyeandika Habari za Wahaida

George Mercer Dawson alizaliwa tarehe 1 Agosti 1849 huko Pictou, mji wa bandari katika Nova Scotia, wakati huo koloni la Uingereza na leo jimbo la Kanada. Alipofariki mwaka 1901 alikuwa mkurugenzi wa Idara ya Jiolojia ya Kanada, na ni wachache mno wa zama zake walioijua miamba ya magharibi ya nchi hiyo kama yeye. Serikali ilimlipa mshahara ili atafute makaa ya mawe, dhahabu na mahali pa kupitisha reli. Hata hivyo, kazi inayomfanya asomwe mpaka leo na watu wasiojali miamba ni ile aliyoifanya pembezoni mwa ajira yake: kuandika habari za wenyeji wa asili wa pwani ya Pasifiki, hasa Wahaida, katika miaka ambayo watu hao walikuwa wamepukutishwa na ndui.

Jiolojia aliirithi nyumbani. Baba yake, John William Dawson, alikuwa mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa Amerika Kaskazini, na mwaka 1855 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha McGill. Familia ikahamia Montreal, na mtoto akakua katikati ya visukuku, majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi na makabati ya mawe. Alipokaribia umri wa miaka kumi aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipona, lakini mgongo ulikuwa umepinda, kibiongo kikabaki, na kimo chake kikakomea kile cha mtoto wa miaka kumi na kidogo. Miaka mingi ya utoto aliipitisha nyumbani akifundishwa na wazazi na walimu wa kuja, na katika ukimya huo akajifunza kuchora na kupiga picha. Stadi hizo mbili, ambazo mwanzoni zilikuwa za kumpunguzia mtoto mgonjwa upweke, baadaye ndizo zilizoipa kazi yake thamani kubwa.

Mwaka 1869 alivuka Atlantiki kwenda kusoma katika Chuo cha Kifalme cha Migodi, London. Mmoja wa walimu wake alikuwa Thomas Henry Huxley, mtetezi mkali wa nadharia ya Darwin kuhusu mageuko ya viumbe. Jambo hili halikuwa dogo, kwa kuwa baba yake alikuwa Mkristo wa msimamo aliyempinga Darwin hadharani, kwa maandishi na kwa mihadhara. George hakugombana na baba yake, na barua za upendo ziliendelea kati yao maisha yote, lakini katika sayansi alifuata njia ya mwalimu. Alihitimu mwaka 1872 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilianza mwaka 1873, alipoajiriwa kama mwanajiolojia na mtaalamu wa viumbe katika tume ya kuweka mpaka kati ya Marekani na himaya ya Uingereza kwenye latitudo ya 49. Mstari huo ulipita katika mbuga zisizo na miti kuanzia Ziwa la Woods hadi Milima ya Rocky, na Dawson aliufuata kwa farasi na mkokoteni kwa misimu miwili. Waliokutana naye mara ya kwanza walishangaa kuona mtu wa kimo kile akipewa kazi ile. Mshangao uliisha upesi, kwa maana alitembea, alipanda milima na alikaa juu ya farasi siku nzima kama wenzake waliokuwa wazima wa mwili. Ripoti yake ya mwaka 1875 ilieleza matabaka ya miamba, makaa ya mawe, mimea, udongo na hata mizunguko ya nzige waliokuwa wakiangamiza mazao ya wakulima wa mbugani. Katika safari ya mwaka 1874 yalipatikana mifupa ya dinosau, miongoni mwa ya kwanza kujulikana kisayansi katika magharibi ya Kanada.

Mwaka huohuo wa 1875 aliingia Idara ya Jiolojia ya Kanada na kupelekwa British Columbia. Jimbo hilo lilijiunga na shirikisho la Kanada mwaka 1871 kwa ahadi kwamba reli ingejengwa kutoka mashariki hadi Pasifiki, na serikali ilikuwa na haraka ya kujua milima ile ina nini ndani yake. Dawson alizunguka kwa mashua, kwa farasi na kwa miguu. Huko ndiko alikoona ushahidi kwamba barafu nene iliwahi kuifunika nchi yote ya milima. Alama za mikwaruzo juu ya majabali na mawe makubwa yaliyoachwa mbali na yalikotoka zilimwonyesha uelekeo wa mwendo wa barafu hiyo. Wanajiolojia wanaendelea kuzungumzia ganda hilo la barafu la kale kwa jina alilolitumia yeye, la Kodilera.

Kiangazi cha mwaka 1878 kilimfikisha kwa Wahaida. Visiwa vyao, zaidi ya 150 kwa jumla, viko katika Pasifiki kusini ya Alaska, na wakati huo ramani za Waingereza ziliviita Visiwa vya Malkia Charlotte. Dawson alikwenda huko kwa sababu ya makaa ya mawe. Kampuni moja ilikuwa imefungua mgodi katika miaka ya 1860 na kuuacha, na Idara ilitaka kujua kama mali ile ilikuwa ya maana au la. Alikodi merikebu ndogo ya tanga iitwayo Wanderer, akamchukua mdogo wake Rankine, na kuanzia Juni wakazunguka pwani ya mashariki na ya kaskazini, wakiingia kila ghuba. Mchana alipima kwa dira na sekstanti, akagonga miamba kwa nyundo na kukusanya mimea na kombe wa baharini. Jioni, mvua iliponyesha au upepo ulipokataa, aliandika shajara.

Alichokiona katika vijiji hakikuwa katika maelekezo aliyopewa. Nyumba za Wahaida zilikuwa kubwa, zimejengwa kwa mbao pana za mti wa mwerezi juu ya boriti nene kiasi kwamba mtu mzima hawezi kuzikumbatia, na familia kadhaa za ukoo mmoja ziliishi chini ya paa moja. Mbele ya nyumba ilisimama nguzo ndefu ya mwerezi iliyochongwa toka chini hadi juu: kunguru, tai, dubu, nyangumi mla-sili na binadamu, mmoja juu ya mwingine. Katika nyumba za kale tundu la mlango lilitobolewa ndani ya nguzo yenyewe, hivi kwamba mgeni aliingia kwa kupita katika tumbo la mnyama aliyechongwa. Dawson alitofautisha nguzo hizi na aina nyingine iliyosimamishwa kwa ajili ya marehemu, ambayo baadhi yake zilibeba juu kabisa sanduku lenye mwili. Alieleza kwamba hazikuwa miungu wala sanamu za kuabudiwa. Zilikuwa tangazo la ukoo, haki zake na wafu wake, lililosomeka na kila aliyefika kwa mtumbwi.

Jamii ya Wahaida imegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai. Mtu huzaliwa upande wa mama yake na sharti aoe au kuolewa upande wa pili. Cheo na haki ya kutumia alama fulani hupita kwa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mwenye nyumba mpya au nguzo mpya aliwaita watu wa upande wa pili waifanye kazi, kisha akawalipa mbele ya kadamnasi kwa karamu na zawadi nyingi, blanketi hasa, wakati mwingine mpaka akabaki hana kitu. Sherehe hiyo ya kugawa mali, ambayo pwani nzima iliijua kwa jina la potlachi, ndiyo iliyokuwa mahakama, rejista na benki ya jamii: waliopokea zawadi walikuwa mashahidi kwamba jina, cheo au ndoa iliyotangazwa ni halali. Dawson alieleza utaratibu huu, pamoja na ngoma, michezo ya kubahatisha, ufundi wa mitumbwi inayochongwa katika gogo moja la mwerezi, na visa vya Kunguru, mhusika mjanja ambaye katika masimulizi ya Wahaida ndiye aliyeuweka ulimwengu ulivyo.

Juu ya yote hayo kulikuwa na kivuli cha maradhi. Mwezi Machi 1862 meli kutoka San Francisco ilileta ndui katika mji wa Victoria, kusini. Wenyeji wengi wa kaskazini, Wahaida wakiwamo, walikuwa wamepiga kambi pembeni mwa mji kwa ajili ya biashara na vibarua. Badala ya kuwatenga wagonjwa na kuwahudumia, wakuu wa mji waliwafukuza watu hao warudi makwao, nao wakaisambaza ndui katika kila kituo cha pwani. Vijiji vizima vilikwisha. Dawson alipofika miaka 16 baadaye, alikuta nyumba zilizobomoka, nguzo zilizoinama ndani ya vichaka, na watu wachache mahali palipokuwa na umati. Waliosalia waliendelea kuhamia sehemu mbili, Skidegate na Masset, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wahaida wa visiwani hawakuzidi sana mia sita.

Kwa sababu hiyo picha alizopiga ni hazina. Alibeba kamera nzito ya vioo, akaiteremsha kwenye mashua na kuisimamisha ufukweni Skidegate, Skedans, Cumshewa, Tanu na kwingineko. Picha hizo, miongoni mwa za mwanzo kabisa za vijiji vya Wahaida, zinaonyesha nyumba na nguzo mahali zilipokuwa, zikiwa bado na uhusiano wao na pwani, mitumbwi na njia. Baada ya muda mfupi wanunuzi wa makumbusho ya Ulaya na Marekani walianza kuzing'oa nguzo na kuzisafirisha, na zile zilizoachwa zilioza kwa mvua. Ripoti yake kuhusu visiwa hivyo ilitolewa mwaka 1880. Jiolojia inatangulia, kama ilivyotakiwa, lakini nyuma yake kuna sehemu ndefu juu ya Wahaida na orodha ya maneno ya lugha yao. Kuhusu makaa ya mawe, ambayo ndiyo yaliyompeleka, visiwa havikuwahi kuwa na mgodi mkubwa.

Ramani aliyoitengeneza ina jambo moja linalostahili kusemwa waziwazi. Ghuba, milango ya bahari na visiwa vidogo vya kusini alivipa majina ya wanasayansi wa Uingereza aliowaheshimu: Darwin, Lyell, Huxley, Murchison, Faraday. Kila mahali hapo palikuwa na jina lake kwa Kihaida. Mtu aliyejitahidi kuandika maneno ya lugha hiyo kwa uangalifu ndiye pia aliyefunika majina ya nchi yao kwa majina ya wanasayansi hao. Hakufanya hivyo kwa chuki. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyochukulia kwamba nchi isiyochorwa na wapimaji wake haijapewa jina.

Baada ya hapo hakuacha kuandika juu ya wenyeji. Mwaka 1884 yeye na daktari W. Fraser Tolmie walichapisha orodha za maneno ya lugha za makabila ya British Columbia, zikipangwa ili zilinganishwe. Mwaka 1887 alitoa makala juu ya Wakwakwaka'wakw wa kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver, na mwaka 1891 akatoa nyingine juu ya Wasecwepemc wa bara, walioitwa Shuswap na wazungu. Katika makala hii ya mwisho alieleza nyumba za majira ya baridi zilizochimbwa nusu chini ya ardhi, mahali pa kuzikia, visa vya wanyama na majina ya maeneo. Mwanajiolojia alikuwa na faida moja juu ya watafiti wengine: alitembea nchi nzima pamoja na wenyeji walioongoza farasi na mitumbwi yake, na kila mlima au mto ulikuwa sababu ya kuuliza jina na hadithi.

Mwaka 1884 Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilifanya mkutano wake Montreal na kuunda kamati ya kuchunguza makabila ya kaskazini-magharibi ya Kanada. Dawson alikuwa mjumbe. Kamati hiyo ndiyo iliyompa kazi, kuanzia mwaka 1888, kijana kutoka Ujerumani aliyeitwa Franz Boas, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanzilishi wa anthropolojia ya kisasa ya Marekani. Boas alijifunza lugha na kuandika masimulizi marefu kama yalivyosemwa, kwa kina ambacho Dawson hakukifikia. Lakini alipokwenda pwani ile alikuta njia imeshafyekwa.

Mapungufu ya Dawson ni ya zama zake, na si madogo. Sehemu kubwa ya wenyeji waliomweleza mambo hawatajwi kwa majina, kwa hiyo elimu yao ilisafiri duniani chini ya jina lake. Alikusanya vinyago, njuga za waganga na vifaa vingine, ambavyo vingi sasa vimo katika makumbusho ya mashariki ya Kanada, maelfu ya kilomita kutoka kwa wenyewe. Aliamini kwamba desturi za wenyeji zilikuwa njiani kutoweka na kwamba kazi ya msomi ni kuziandika kabla hazijafa. Potlachi, aliyoieleza vizuri, aliiona ina madhara kwa jinsi ilivyokuwa imeenea. Serikali ya Kanada iliipiga marufuku kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1885, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1951. Katika miaka hiyo watu walifungwa na mali zao takatifu zilinyang'anywa kwa kosa la kufanya sherehe ya ukoo.

Mwaka 1887 Dawson aliongoza msafara wa Yukon, wilaya kubwa ya kaskazini ambayo serikali ilikuwa haiijui vizuri. Alipanda mto Stikine, akafuata mito Dease, Liard na Frances, akavuka hadi mto Pelly, na kuushuka mpaka ulipokutana na Yukon. Hapo palikuwa na magofu ya Fort Selkirk, kituo cha biashara cha kampuni ya manyoya kilichoachwa miongo kadhaa nyuma. Kutoka hapo alipandisha mto kuelekea kusini, akavuka kipito cha mlimani cha Chilkoot na kutokea baharini. Ripoti yake ilieleza miamba, mito, dhahabu iliyokwisha kuonekana michangani, na makabila ya wilaya hiyo. Tarehe 16 Agosti 1896 dhahabu nyingi ilipatikana katika kijito cha mto Klondike na kundi la watu waliokuwamo Keish na Káa Goox, wote wawili wa kabila la Watagish, pamoja na George Carmack. Makumi ya maelfu ya watu walimiminika, na ripoti ya Dawson ikachapishwa upya mwaka 1898 kwa ajili yao. Mji uliochipuka ukaitwa Dawson kwa heshima yake, ingawa safari yake ya mwaka 1887 haikufika hapo; aligeuza njia juu zaidi mtoni. Wenyeji wa mahali hapo, Tr'ondëk Hwëch'in, walilazimika kuhama kwenye kambi yao ya uvuvi na kwenda kijiji cha Moosehide chini ya uongozi wa Chifu Isaac.

Miaka ya mwisho ilijaa heshima na karatasi. Mwaka 1891 alichaguliwa mwanachama wa Royal Society ya London na kutumwa Bahari ya Bering kama kamishna katika mgogoro wa Uingereza na Marekani juu ya uwindaji wa sili wa manyoya. Mwaka 1895 akawa mkurugenzi wa Idara ya Jiolojia, na mwaka 1897 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikampa medali ya dhahabu. Hakuoa. Kifua, ambacho ugonjwa wa utotoni ulikiacha kimebanwa, hakikumpa nafasi ya kuzeeka: alishikwa na mkamba mkali na kufariki Ottawa tarehe 2 Machi 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Montreal. Jina lake lilipewa pia kulungu wa kaskazini aina ya karibou aliyeishi visiwa vya Wahaida peke yake na ambaye Dawson alikuwa ameripoti habari zake. Mnyama huyo alitoweka duniani mapema katika karne ya 20.

Wahaida hawakutoweka. Mwaka 1985 walijipanga barabarani katika kisiwa ambacho ramani ya Dawson inakiita Lyell, na ambacho wao hukiita Athlii Gwaii, kuzuia kampuni za magogo zisimalize miti ya mierezi. Watu 72 walikamatwa, wazee wakiwamo, na miaka miwili baadaye serikali ilikubali kuihifadhi sehemu ya kusini ya visiwa, ambayo leo inasimamiwa kwa pamoja na Wahaida na Kanada. Kijiji cha SGang Gwaay, chenye nguzo za kale zilizobaki mahali pake, kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Mwaka 2010 jina la Malkia Charlotte liliondolewa rasmi na visiwa vikapewa jina la Haida Gwaii, yaani Visiwa vya Watu. Mwezi Aprili 2024 serikali ya British Columbia ilitia saini mkataba unaotambua kwamba ardhi ya visiwa hivyo vyote ni mali ya Wahaida. Vioo vya picha alizopiga Dawson kiangazi cha mwaka 1878 vimehifadhiwa katika hifadhi za taifa huko Kanada, na shajara zake za visiwani zimechapishwa kama kitabu.